Boga la Oktoba

Barua ilikuja ndani ya daftari la hesabu,
imekunjwa mara nne, ina muhuri wa shule:
Ijumaa, tarehe thelathini na moja,
kila mtoto aje na vazi la kutisha.
Mzimu, mchawi, mifupa, chochote.
Elfu saba ya pipi. Boga, kwa watakaoweza.

Watakaoweza!
Dodoma hii, Oktoba hii,
upepo unasomba vumbi la Nkuhungu hadi kwenye sufuria,
mizabibu imepogolewa, imebaki vigongo,
mvua bado iko midomoni mwa watabiri.
Boga litoke wapi?

Getini, tukisubiri watoto,
Mama Mudathiri alikuwa ameshaamua: mwanawe siku hiyo anaumwa.
Anaumwa nini?
Nitajua Alhamisi usiku.
Baba Ilhamu, yule wa wizarani, akacheka:
keki mnakata, mishumaa mnazima,
Desemba mnakula pilau kwa Mama Chiwanga,
leo kitambaa ndicho kimewashinda?
Ukipenda boga, upende na ua lake.
(Aliyetunga methali hiyo hakulipa ada ya shule hii.)
Mwantumu alikuwa kwenye simu, anauliza bei ya vazi la buibui.
Tukamtazama alivyojistiri.
Yule wa miguu minane, akasema.

Mimi nilitoa shuka jeupe kabatini.
Salha akapanda kigoda, nikamfunika,
nikashika chaki nichore pa kutobolea macho.
Bashiru akarudi kutoka Isha, kubazi mkononi,
akasimama mlangoni.

Mwezi wa Rajabu alimwosha baba yake kule Kolo.
Vipande vitatu, vyeupe, alivihesabu yeye.
Pamba, kafuri.

Hakunisomea aya. Alisema, "Mvue,"
akatoka nje, tukamsikia akimwagilia mpapai
ambao nilikuwa nimeshaumwagilia.

Usiku nikamwambia, ni mchezo.
Akasema, makaburini tunaanza kwa salamu,
tunapunguza hatua, tunawaombea.
Nimfundishe salamu siku ya Idi,
halafu Ijumaa nimfundishe kuwaigiza?
Nikasema, na mimi nimfundishe nini
watakapokuwa ishirini na nane wenye sura za kuazima,
naye peke yake ana ya kwake?
Hakuwa na jibu. Hata mimi sikuwa nalo.
Umeme ukakatika, feni ikachoka polepole juu yetu.

Mama mkwe alipiga simu kutoka Kolo.
Ya mizimu hakuyauliza.
"Hilo boga wanalichonga macho? Na nyama yake?"
Wanatupa, mama.
Kimya. Cha mtandao, au cha mwaka ule wa njaa,
sikuweza kujua.

Nililipata moja tu, soko la Majengo,
limetoka Morogoro, bei ya kuku.
Nikalipika na karanga, chumvi kidogo.
Salha akaenda na sare yake na mtandio wake
kama Ijumaa yoyote, hotipoti mapajani.

Hotipoti ikarudi imekombwa kwa kidole.
"Wachawi wamekula wote, mama.
Na mifupa ikaomba nyongeza."
Na wewe?
"Mwalimu aliniuliza nimekuja kama nani."
Ukasemaje?
"Salha."

Bashiru alicheka mpaka akakaa chini.
Mara ya kwanza tangu Rajabu.

Nilipofungua begi lake nitoe daftari la hesabu,
chini kabisa palikuwa na uso.
Wa katoni, umekatwa kwa mkasi butu,
meno yamepakwa kalamu nyekundu, kamba ya sufi.
Niliugeuza ndani:
pale penye mdomo karatasi imelainika,
imenywa pumzi ya mtu muda mrefu.

Chumba cha pili Bashiru alikuwa anakunja mswala.
Niliukunja na mimi, pale pale kwenye mikunjo yake,
mara nne,
nikaurudisha ulikokuwa,
nikavuta zipu taratibu isilie.